Rangi ya Koti la Asahel

Jumatatu, 29 Aprili 1861
Ukumbi wa kanisa umejaa wanawake na vitambaa. Serikali haina sare za kuwapa vijana wetu wa Iowa wanaokwenda kupigana na Kusini, basi tunawashonea wenyewe. Dukani kulikuwa na kijivu tele, buluu ya jeshi letu hakuna. Nimeanza na koti la mume wangu, Asahel. Tumbo nimeliachia nafasi. Bi Tabitha kanichokoza: huyu unampeleka vitani au karamuni? Tumecheka mpaka sindano zikadondoka. Miezi mitatu tu, wanasema, na vita vitakwisha.

Jumapili, 2 Juni
Mdogo wangu Lyman kajiunga na jeshi letu hukohuko Missouri anakofanya kazi. Nimemwandikia kwamba watu wa Iowa wamevaa kijivu, akiwaona amtafute shemeji yake. Mama kaniambia niongeze: asilale na soksi mbichi.

Ijumaa, 16 Agosti
Pamepiganwa Missouri, karibu na Springfield. Tumeshindwa. Asahel yu hai. Lyman — hakuna anayejua. Mama kakanda unga, kauacha, kaanza kukanda mwingine.

Jumatano, 4 Septemba
Asahel karudi. Koti linampwaya. Nilimwekea maharage na nyama ya nguruwe, hakugusa.

Mama alipokwenda kwa jirani ndipo Asahel akasema. Alimkuta hospitalini mtu wa kikosi cha Lyman. Watu wa Kusini walipanda kilima wamevaa kijivu. Wenzake Lyman wakainua bunduki. Lyman akaruka mbele, akapunga kofia: "Msipige! Hao watu wa Iowa, shemeji yangu yumo!" Wakashusha bunduki. Wale wakasogea taratibu mpaka karibu kabisa, halafu wakafyatua. Lyman alianguka wa kwanza.

"Mimi nilikuwa upande mwingine kabisa wa bonde," Asahel akasema. Kisha akauliza, "Alijuaje kama sisi tunavaa kijivu?"

"Nilimwandikia."

Nikaosha vyombo. Nilidhani nitalia nikifika kwenye sufuria, sikulia. Mikono inafanya kazi, mimi sipo.

Asahel kasema Mama asijue ilivyokuwa. Tumwambie kafa, basi.

Alhamisi, 5 Septemba
Bi Tabitha kapita asubuhi. Buluu imeletwa, marobota kwa marobota, wanataka mtu wa kukata. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Baada ya chakula tumemwambia Mama. Alikufa papo hapo, Asahel akasema, hakuteseka. Mama hakulia. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mkwewe mkono.

"Lyman wangu hakuwa mtu wa kunyamaza, baba. Tangu tumboni alikuwa na kelele. Wewe umeongea na mwenzake. Alisema nini mwisho?"

Asahel akasema hajui. Mama akarudia, polepole, kama anavyowauliza watoto. Asahel akanitazama mimi. Mama akaona alikotazama.

Nikasema naenda kuteka maji. Ndoo hii hapa, tupu, na mimi nimekaa ukingoni mwa kisima naandika. Sasa Mama katoka, kasimama kizingitini, anajifuta mikono ambayo haina kitu.

"Keziah, mwanangu. Mumeo hawezi kusema. Basi niambie wewe."

Anashuka ngazi —