Portbagaji ya Beya

Kasaji, tarehe 4 Mei 2024

Mwanangu Falonne,

Kosa la watu wengi ni kuanza na rangi. Nimelitanguliza hata mbele ya salamu, unisamehe, maana nakujua: utasoma mistari mitatu kisha utakimbilia dukani. Sasa nakusalimu wewe, mumeo René na watoto. Presha imeshuka? Sisi huku tuko. Goti langu la kulia linalalamika kila asubuhi, lakini mahindi yamevunwa na Mama Mukubwa wako anaimba jikoni, kwa hiyo nyumba ni nzima.

Lucien, yule wa pikipiki anayepeleka mahindi Kolwezi, amenipa barua yako. Simu yetu hapa inashika siku inayotaka yenyewe, basi tuendelee na karatasi. Unasema muuguzi amekuambia utikise mwili, wenzako wa kazini wanapanda baiskeli kila Jumamosi kwenye barabara ya Nzilo kwa kujifurahisha tu, nawe unataka kurudi kwenye kinga, kama tunavyoiita sisi, baada ya miaka mingi. Unauliza ununue mpya au ufufue ile ya marehemu baba yako, mdogo wangu Beya, iliyolala katika nyumba yake ya mtaa wa Kasulo.

Fufua ile. Hizi mpya zenye springi zinang'aa, lakini chuma chake ni kama kopo la maziwa. Kinga ya Beya ni chuma cha zamani. Ila fuata utaratibu. Kwanza chukua uzi, uufunge nyuma pale gurudumu linapokaa, uuzungushe mbele kwenye shingo ya kinga, uurudishe nyuma upande wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na nguzo ya kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, mifupa ya kinga imenyooka. Kisha ufungue gololi, uzioshe kwa petroli, utie grisi mpya. Gonga njiti za gurudumu kwa kijiko: yenye sauti iliyokufa imelegea. Kiti ukiweke juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini, mguu unyooke bila kujivuta.

Na portbagaji, kile kichanja cha chuma nyuma ya kiti, uitoe. Baba yako aliitengenezesha kwa ajili ya magunia ya makala, makaa ya kupikia. Wewe hubebi makala. Ni uzito wa bure tu, na kwenye mlima miguu yako itanishukuru.

Rangi ije mwisho, kama bado utaitaka.

Ni mimi, Tata Mukubwa
Muamba

Kolwezi, tarehe 26 Mei 2024

Tata Mukubwa,

Pokea salamu zetu zote, na pole kwa goti. Umpe Mama Mukubwa dawa hii ya kukupaka, nimeifunga kwenye gazeti. Usijipake mwenyewe, utaisahau. Mimi naendelea. Presha inapanda ofisini na kushuka nyumbani.

Nimeanza na rangi.

Najua. Usinune. Nilipoitoa kinga pale Kasulo, ilikuwa nyeusi vilevile, na vumbi la makala kwenye kila kona. Majirani walikuwa wamekaa nje. Sikutaka kuisukuma mtaani namna ile, na kila mtu pale anajua ilikuwa ya nani na ilibeba nini. Nikaomba gari la René, nikaifunika turubai, na siku ileile nikaipaka bluu. Portbagaji niliitoa hata kabla ya rangi. Imelala nyuma ya nyumba na majembe.

Baada ya hapo nilifanya yote uliyosema, naapa. Uzi umeonyesha kwamba kinga imepinda upande wa kushoto, kama upana wa kidole. Ni mbaya? Je, niipeleke wakainyooshe?

Juzi nilijaribu kwa mara ya kwanza. Mguu unakumbuka, ila makalio yamesahau kabisa. Karibu na soko nilikata kona vibaya, nikaanguka mbele ya wamama wa mboga. Mmoja akaniinua, mwingine, anayenijua kuwa mtu wa ofisini, akaniuliza:

"Ee mama ya biro, motokari ilikufa?"

"Iko kwa mekanisien," nikajibu.

"Pole, mama. Na bwana alikufa pia?"

Walicheka wote, nikacheka nao. Lakini motokari haiko kwa mekanisien, Tata. Iko uani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hapa kwetu mtu akionekana kwenye kinga, watu wanadhani ameanguka maishani. Dady, mkubwa wetu wa kazi, ana kinga iliyotoka Afrika ya Kusini, na kofia na miwani. Yeye hakuna anayemuuliza kitu.

Jumamosi moja ya mwezi unaokuja nitatoka nao.

Mutoto wako
Falonne

Kasaji, tarehe 9 Juni 2024

Mwanangu,

Dawa imefika, inanuka kama betri, na goti limenyamaza. Tunashukuru. Watoto wamemaliza mitihani?

Kuhusu rangi, sitasema kitu zaidi ya hiki: kutu iliyofunikwa hufanya kazi yake kwa utulivu. Chunguza chini ya kiti baada ya mvua za kwanza.

Kuhusu kupinda, hapana, si mbaya, na usimruhusu mtu yeyote ainyooshe. Chuma cha zamani kikilazimishwa kikiwa baridi hupasuka. Nitakueleza kilichotokea. Kinga yenye magunia haipandwi, inasukumwa. Baba yako alitembea upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, bega limeegemea gunia, na mzigo wote ukamlalia yeye. Chuma kilimfuata. Wewe sogeza tu gurudumu la nyuma kidogo hadi lilingane na la mbele, halafu panda. Itakwenda sawa, na baada ya siku chache hutaona tofauti.

Ukitoka na wenzako, usishindane. Kaa nyuma, kanyaga pedali nyepesi, kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Uniandikie yote.

Tata Mukubwa
Muamba

Kasaji, tarehe 21 Julai 2024

Falonne mwanangu,

Sisi wazima. Je, ninyi?

Lucien amekuja mara mbili bila barua. Nikamuuliza, "Mama Falonne alisema nini?"

"Alisema hana letra, tata."

"Ni mugonjwa?"

"Hapana. Alinipa chai na mkate. Ila hakuniangalia."

"Na kinga?"

"Sikuona kinga."

Kama ulianguka tena, kila mtu huanguka. Kama gurudumu limegoma, nieleze linavyolia, nitakuambia kosa liko wapi. Kama ni jambo lingine, nieleze pia. Nimefundisha watoto miaka mingi, na kimya cha mtoto aliyeshindwa hesabu si sawa na kimya cha mtoto aliyevunja dirisha.

Tata Mukubwa

Kolwezi, tarehe 11 Agosti 2024

Tata Mukubwa,

Salamu, na uniwie radhi. Watoto wazima, wote wamefaulu. René anakusalimu. Mimi mwili ni mzima.

Ni dirisha.

Nilitoka nao Jumamosi ile. Tulikuwa watano, na kinga ya Beya ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye mlima nilimpita mtu wa hesabu wa ofisi yetu, kijana kabisa. Nilisikia upepo masikioni kama zamani kule Kasaji, uliponifundisha kwenye njia ya stesheni. Niliwaza, nitamwandikia Tata leo leo.

Tulisimama pale wamama wanapouza makala na ndizi kando ya barabara. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa na kikapu, na magunia nyuma yake. Hakuangalia kinga hata kidogo. Aliniangalia mimi, muda mrefu.

"Weye ni mutoto ya Beya," akasema.

Dady akageuka. "Beya ni nani, mama?"

"Beya wa makala. Mi ni Simone, waulize wote hapa. Beya alikuwa ananiletea makala, mu mvua, mu jua. Siku mugongo ilinikamata, alishusha magunia yake yote pa njia, akanibeba nyuma ya kinga mpaka ku hopitali. Aliacha mali yake pa njia, unasikia? Huyu mama iko na sura yake kabisa. Angalia paji la uso."

Walinitazama wote wanne. Nilikuwa nimevaa kofia mpya ya kinga niliyonunua kwa ajili yao.

"Hapana, mama," nikasema. "Umekosea mtu. Simjui huyo."

Hakubisha. Laiti angebisha, Tata. Alishika mdomo wake, akasema, "Unisamehe, mama. Macho yangu inazeeka." Tukanunua ndizi, na yangu akaongeza moja juu, akaniwekea mkononi kwa mikono miwili. "Hii ni ya kuomba musamaha. Si vizuri kumuitia mutu baba yenye hana."

Niliila. Mbele yake, nimesimama, nimeshika kinga aliyobebwa nayo, niliila yote.

Njiani Dady akasema, "Mama Falonne, batu ba makala walitaka kukurudisha nyumbani." Wakacheka. Mimi nilicheka kupita wote.

Tangu siku ile kinga iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Ninapokwenda kazini kwa gari tunapita palepale, na Mama Simone yuko palepale, na mimi hujifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Mshahara wa Baba wa kampuni ya migodi ulipokoma, ni makala yaliyonisomesha mpaka nikapata hiyo ofisi ambayo mbele ya watu wake sikuthubutu kulitaja jina la Baba. Nilifikiri naogopa kuonekana kwenye kinga. Sivyo. Niliogopa kuonekana kwenye kinga ile.

Usiniambie ni jambo dogo. Niambie nifanye nini.

Mutoto wako
(sijui kama naweza kuandika neno hilo)
Falonne

Kasaji, tarehe 25 Agosti 2024

Mutoto wangu Falonne,

Andika neno hilo. Ni lako.

Tunakusalimu, mimi na Mama Mukubwa. Nilimsomea barua yako kwa sababu macho yake hayawezi tena, na aliusukuma ugali wake kando. Kisha akasema, "Na wewe je, Muamba?" Halafu akaenda kulala.

Sitasema ni jambo dogo. Ulimkana baba yako mbele ya mtu aliyemkumbuka kwa wema. Lakini nataka uelewe jambo moja kuhusu mwalimu wako. Katika barua yangu ya kwanza nilikuambia utoe portbagaji kwa sababu ni uzito wa bure. Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo kichwani wiki hii yote. Nilifundisha hesabu, mwanangu. Ninajua chuma kile kina uzito gani; ndoo ya maji inakizidi mbali. Kisingekuchelewesha popote. Nilitaka kinga ipite barabarani bila mtu kuuliza ilibeba nini. Katika ukoo wetu hatusemi makala. Tunasema Beya alifanya biashara. Siku ya kilio chake, mimi ndiye niliyesimama kuyasoma maisha yake, na nilisoma "mfanyabiashara", kwa Kifaransa kizuri. Wewe ulipaka rangi ya bluu, mimi nilikuwa nimepaka zamani. Ulijifunza nyumbani.

Sasa kazi. Kwa Mama Simone usiende na zawadi, atadhani unamlipa. Usiende na maneno marefu pia. Nenda Jumamosi, na hao wenzako wakiwepo, kwa maana uliyasema mbele yao. Shuka kwenye kinga, uvue kofia, useme: "Mama, macho yako hayajazeeka. Mimi ni mutoto wa Beya." Kisha unyamaze, umwache aseme anachotaka, hata kama ni kikali. Dady akicheka, acheke. Na magunia yakiisha jioni, umuulize kama anataka kupelekwa nyumbani nyuma ya kinga. Anaweza kukataa. Ni haki yake.

Hiyo ni kazi ya Jumamosi, na ni ngumu, na pengine usiku wa kuamkia siku hiyo utapata homa. Kwa hiyo tuanze na iliyo nyepesi. Portbagaji inashikwa na bolti nne. Mbili za chini zinapita karibu na katikati ya gurudumu la nyuma. Weka washa, vile vipete vya chuma, ndani na nje, usiikaze bolti moja hadi mwisho kabla ya nyingine, zikaze kidogo kidogo kwa zamu. Ukimaliza, weka gunia la mahindi juu, utikise. Ikilia, rudia. Usiipake rangi.

Nimemwambia Lucien asisubiri jibu. Usikae kuniandikia. Leo, kabla ya giza, toka nyuma ya nyumba na spana, urudishe portbagaji mahali pake.

Tata Mukubwa wako
Muamba, kaka yake Beya wa makala