Samaki Wadogo wa Ziwa la Saba

Alhamisi, mwezi wa tatu. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Naogopa. Naanza na hilo nisije nikajizungusha.

Kwa uliyefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Kigoma, nasoma shahada ya uzamivu hapa Brussels, na kazi yangu ni samaki wa maziwa ya Aktiki, huko juu kabisa ambako barafu hufunika maji sehemu kubwa ya mwaka. Sijawahi kufika. Wenzangu ndio huenda kutega nyavu, mimi naletewa takwimu na bahasha. Nataka kujua kwa nini ziwa hili lina samaki tele na jirani yake halina kitu. Ni kina? Ni joto la maji? Ni zile siku chache ambazo barafu imeondoka, au ni chakula tu? Tuna maziwa kumi na moja, na samaki karibu wote ni wa aina moja, anaitwa omble kwa Kifaransa, mwenye tumbo jekundu.

Kila bahasha ina vijiwe viwili vilivyotolewa kwenye masikio ya samaki mmoja, vidogo kuliko punje ya mchele. Unakivunja kimoja, unakipitisha kidogo kwenye moto, unakiweka chini ya hadubini, unahesabu miduara. Mduara mmoja, mwaka mmoja. Ni kazi ya kuumiza macho na mgongo. Basi mwaka jana, nilipofikia bahasha za Ziwa la Saba katika orodha yetu na kukuta takwimu za samaki mia moja hivi, wengi wao wadogo kama kiganja, nikaona nisijitaabishe. Nilisoma vijiwe vya wale wakubwa tu. Wadogo wote nikawaandikia "wachanga".

Mama yangu aliuza samaki. Nimekua nikichambua migebuka, wakubwa kushoto, watoto kulia, na sikuwahi kukosea. Samaki mdogo ni mtoto. Nani Kigoma angenibishia?

Kutokana na neno hilo moja nikachora mchoro mzuri sana: ziwa linapata joto, samaki wanazaana, wachanga wamejaa. Profesa wangu aliupenda. Akawaonyesha watu wa kijiji kilicho kando ya ziwa lile, nao wakafurahi, maana wanataka kuongeza nyavu barafu ikiyeyuka. Kesho saa nne asubuhi tunakutana nao kwa video ili wakate shauri. Mwenye kuwaeleza ni mimi.

Leo nilitaka picha moja tu ya kijiwe cha samaki mchanga, ya kupamba maelezo yangu. Nikavunja kimoja. Nikahesabu miduara kumi na tisa.

Nikadhani bahasha zimechanganyika. Nikavunja kingine: ishirini na mitatu. Nikafunga mlango wa maabara, nikaendelea mpaka nikafikisha samaki arobaini. Wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa watatu.

Ni wazee. Karibu ziwa zima ni wazee.

Maji yale ni baridi mno na chakula ni haba, kwa hiyo samaki hawa hukaa kilindini, hawakui, wanazeeka na udogo wao. Sababu hizo ndizo ninazozisomea kila siku! Nimeziandika kwa mkono wangu katika sura ya pili, na bado niliwatazama kwa macho ya sokoni kwetu. Nyavu zetu za utafiti zina matundu madogo, watoto wangekuwapo tungewanasa. Hawapo, ila hao watatu. Kijiji kikiongeza nyavu kitavua hao wazee, na nyuma yao hakuna anayekuja.

Sasa niseme la aibu. Mkataba wangu unakwisha mwezi wa sita, na kibali changu cha kuishi hapa kinautegemea. Anayeamua kama utaongezwa ni profesa. Nikawaza: bahasha hizi zikitoweka, nani atajua kwamba nilikosea? Hakuna. Nikazitia zote kwenye begi, nikavaa koti, nikaondoka. Kwenye metro namba tano, mpaka Anderlecht ninakoishi, nililikumbatia begi lile na sikumtazama mtu.

Sampuli hazitoki maabara bila ruhusa. Najua. Nilichofanya ni wizi.

Maman Odile, mama wa Lubumbashi aliyenipangisha chumba, alikuwa jikoni anasonga bukari, ugali wa kwao. Akanitazama mara moja tu.

"Ma fille, uko na nini? Depuis umeingia, hata manteau haujatosha."

Kweli, koti nilikuwa bado sijalivua. Nikalivua, nikamwambia yote, hata habari ya begi. Hakulijali begi. Aliuliza, "Bale bantu ba kule, ile samaki banaikula?"

Nikasema ndiyo, ndicho kitoweo chao.

"Na batoto yabo?"

Na watoto wao pia.

"Bon. Alors unaogopa nani? Ule professeur, ao bale batoto?"

Niliingia chumbani nikampigia profesa kabla ujasiri haujaniponyoka. Nilieleza kwa Kifaransa kibovu kuliko cha siku niliyoshuka kwenye ndege. Kisha akauliza bahasha ziko wapi.

Ningeweza kusema ziko maabara. Nikasema ziko hapa, kitandani kwangu.

Akasema nifike saa mbili kamili nazo zote, na kwamba suala la bahasha litazungumzwa baada ya mkutano. Sijui maana yake ni nini. Nilipomwomba awaeleze yeye watu wa kijiji, alikataa. Alisema mimi ndiye niliyewapa matumaini, basi mimi ndiye nitakayewaambia.

Nimeandika nitakachosema. "Nilikosea. Samaki wenu wadogo si watoto, ni wazee, na hakuna wengine nyuma yao. Tafadhali msiongeze nyavu." Nimekisoma kwa sauti mara nne, na kila nikifika kwenye neno "wenu" narudia tangu mwanzo.

Profesa namwogopa, na huo mwezi wa sita nauogopa. Lakini ninaloliogopa zaidi ni jambo jingine kabisa. Mmoja wao akiniuliza kesho, "Basi mwaka huu tule nini?", nitamjibu nini?