Kipimo cha Mtu Mnene

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai zinakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimeshakuacha. Sisi huku hatujambo, ukiondoa mguu mmoja wa Baba. Mguu huo ndio ulionikalisha chini kuandika, maana nimechoka, Dada. Nimechoka mpaka nasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Unaujua ule ugonjwa wake wa jongo. Safari hii kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba kikawa kama nyanya, na ndio mguu anaokanyagia cherehani. Siku moja kitambaa kiliteleza mezani kikamgusa tu, akapiga ukelele mpaka mteja aliyekuwa akijaribu suruali akatoka nayo mbio, pini zikiwa bado kiunoni.

Daktari alimpa vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, kwa siku tano. Mtoto wa chekechea angeelewa. Mimi nilimsomea Baba karatasi yote iliyokuwa ndani ya boksi, mbele na nyuma, hata pale panapoonya kuhusu vidonda vya tumbo na figo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya nchi nyingine. Kisha akanieleza kwamba aliyetengeneza dawa hakuwahi kumpima yeye. Suruali ya mtu mwembamba, alisema, hula mita moja na robo; yake hula karibu mbili. Sasa kidonge kitakuwaje kimoja kwa wote? Kitaishia kiunoni, hakitafika kidoleni. Akaanza kumeza viwiliviwili, na vitatu siku zenye kazi nyingi, mara nyingine kwa chai tupu.

Nilipinga kwa namna yangu, yaani nilisimama mlangoni nikakohoa. Mama alisema tumwache, sikio la kufa halisikii dawa. Baba akacheka, akajibu kwamba sikio lake ni zima, kinachouma ni kidole.

Vidonge viliisha mapema, maumivu yakarudi, nikamsindikiza kwa daktari. Alipoulizwa alikuwa akimeza vingapi, Baba alisema kama alivyoagizwa. Daktari akanigeukia mimi. Baba naye akanitazama kwa lile jicho analotungia uzi kwenye sindano. Nikasema ni kweli. Akapewa boksi jingine.

Juma lililofuata akaanza kushona huku ameshika tumbo. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Karatasi ya dawa ilikuwa imelitaja jambo hilohilo, Dada, na nilikuwa nimemsomea! Baba alisema ni maharage.

Siku mbili baadaye daktari mwenyewe aliingia dukani. Hakutaka hata kiti. Aliomba boksi, akahesabu vidonge vilivyobaki, akamchukua Baba moja kwa moja hadi hospitali. Alilazwa siku nne kwa kidonda kilichokuwa kikivuja damu tumboni. Sasa yuko nyumbani, amebadilishiwa dawa, anakunywa maji na kununa.

Na ananuna kwa sababu yako. Anaamini wewe ndiye uliyempigia daktari simu, baada ya Mama kukusimulia. Ndiyo maana hapokei simu zako. Kila mteja anaambiwa kwamba fundi huyu amelea mpelelezi.

Dada, si wewe. Ni mimi. Daktari alikuwa ameleta koti lake jeupe libadilishwe mfuko uliochanika. Kusema kunanishinda, lakini kuandika naweza. Niliandika kila kitu, vidonge vitatu, choo, na ule uwongo wangu, nikaitia karatasi kwenye mfuko mpya, nikalipiga koti pasi na kulipeleka mwenyewe. Baba alipoanza kukulaumu nilikuwa nimekaa palepale. Nikakohoa. Hii ni wiki ya tatu unabeba mzigo wangu bila kujua. Naomba unisamehe.

Sitaifunga bahasha hii kabla sijamsomea Baba barua yote, mbele na nyuma, kama ile karatasi ya dawa. Ukiipata, jua kwamba niliweza.

Mama anakusalimu sana, anasema usisahau kula.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya

Nyongeza: Nimemsomea. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Kisha akaniagiza niandike haya. Kwanza, piga simu Jumapili, atapokea. Pili, suruali yake haijawahi kufika mita mbili, nimemzidishia. Tatu, mfuko ule aliushona kwa mkono wake, mishono miwiliwili, na angejua utabeba nini angeuziba.