Historia Yako Niliyoiandika Mara Mbili

Donatien,

Usishituke, ni minye, Bonifasi. Najua kule hakuna posta. Lakini miaka yote tuliandika barua za watu wengine, weye upande wako wa meza, minye upande wangu, na hatukuandikiana hata moja. Tungeandikiana juu ya nini? Nilikuwa nakuona kila siku, na ile kofia yako mbaya. Sasa sikuoni, njo naandika.

Habari za hapa kwanza. Meza yetu iko palepale mu soko ya Kikula, pembeni ya mama wa bitoyo. Harufu ya samaki yake ni ileile, umeme ni uleule. Leo wanasema mashini ya umeme kule Mwadingusha iko na shida, kesho wanasema shida imekwisha, na taa yangu haijasikia.

Kazi njo imebadilika. Unakumbuka vile tuligawana. Weye uliyemaliza shule uliandika vitu vya uzito: mashitaka kwa chef wa mutaa, hotuba za harusi, na ile historia ya marehemu wanasomaka mu kilio mbele sanduku halijatoka nyumbani. Minye wa darasa la tatu nilikuwa paka na barua za kuomba kazi tu. Ulinifunza moja tu, neno kwa neno, na minye nikaiandika miaka yote nikibadilisha majina. Ulisemaka: "Boni, weye uko muntu wa barua moja." Nilicheka. Ilikuwa kweli, mushenzi weye.

Sasa vijana hawaji tena. Kila mumoja iko na telefone, na telefone inamuandikia barua ya kazi, bila kosa, bila kunywa chai.

Lakini sikuanza kubadilika juu ya telefone. Nilianza juu ya siku ya kukuzika. Weye hukusikia, ulikuwa umelala pale katikati na suti yako. Acha nikuambie.

Asubuhi ile kaka yako mukubwa alinishika mukono: "Papa Boni, weye njo rafiki, weye njo mwandishi. Andika historia ya Donatien, nitaisoma mbele hatujatoka." Nilikuwa na saa moja, na sikuwa na weye wa kuuliza. Nikakaa, nikaandika. Nilikuwa nalia, Donatien, sikuona karatasi. Mukono ulijua njia moja tu, ukapita mu ile njia.

Kaka yako akasimama mu kiwanja, akasoma na sauti yake ya padri:

"Kwa Bwana Mungu, Mukubwa wa Mbingu. Kusudi la barua: kuomba nafasi. Marehemu Donatien iko na heshima kubwa ya kuomba, mbele ya wema wenu wa juu, nafasi kule kwenu. Ni muntu wa bidii. Anajua kupiga mashini. Anaongea Kiswahili, Kifaransa, Tshiluba na Kibemba kidogo. Iko tayari kuanza mara moja."

Pale pa "mara moja" mumoja nyuma alipasuka. Kisha kwaya. Kisha katekista, na huyo hajacheka tangu abatizwe. Watu walicheka mpaka wakashikana, na minye nilikuwa natafuta shimo, na shimo la siku ile lilikuwa lako.

Muke wako hakucheka. Mama Vero alisimama, akaniangalia, akasema: "Bwana yangu haiko muntu wa kuombaomba kazi." Akaingia ndani.

Kutoka siku ile, hakuna salamu. Alikuwa anakuja kununua bitoyo pembeni yangu, anaongea na samaki, anaigeuza, anaiuliza habari. Minye, hapana. Minye niliyekula bukari yake mpaka watoto wenu walinihesabia kiti! Hiyo njo iliniuma. Kuchekwa nimezoea.

Nikasema: sitakufa muntu wa barua moja.

Nilianza karibu. Mama wa bitoyo alitaka tangazo la redio. Nikaandika: "Samaki yetu inanuka. Kama yako hainuki, walikudanganya." Muntu wa redio alikatala, kisha akasoma, na mbele ya saa sita kikapu kilikuwa kitupu. Kisha bamama wa parokia walitaka mchezo wa Kwaresima. Nilimupa shetani maneno matamu yote. Katekista akayakata nusu, na shetani bado alipigiwa makofi kuliko malaika. Kisha harusi. Hapo nilikwama. Nilikuwa na karatasi nyeupe na sikumujua bibi arusi hata kwa sura. Nikafunga meza, nikaenda kukaa kwa shangazi yake mchana mzima, nikiuliza: mutoto huyu anaogopa nini? Anacheka wakati gani? Niliporudi, hotuba ilijiandika.

Na pale nikakumbuka. Siku zile uliniacha peke yangu ku meza, unarudi jioni unanuka munkoyo, na minye nakutukana: "Unaenda kunywa, unasema ni kazi!" Ilikuwa kazi. Sasa naomba musamaha. Nusu ya musamaha, sababu munkoyo pia ulikunywa.

Halafu siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga yako, ikakaribia. Mama Vero akaja, akasimama mbele ya meza yangu na nguo yake nyeusi.

"Monsieur," akasema. Monsieur! "Bantu ya nyumba banasema weye njo utaandika tena. Minye nilikatala, beko na kichwa nguvu. Basi utanisomea minye kwanza. Kama ni yeye, utasoma mbele ya bantu. Kama haiko yeye, utakula mchele yako na utanyamaza."

Nilizunguka majuma mawili. Kaka yako, jirani, fundi wa baisikeli, wote niliwauliza. Nikaandika kurasa ine safi. Nikamusomea mu salon, chini ya picha yako: baba mwema, bwana mwema, mukristo mwema, mupatanishi wa mutaa. Yeye anamenya karanga. Nilipomaliza akauliza:

"Huyu ni nani?"

"Ni Donatien, mama."

"Hapana. Huyu ni mutakatifu. Minye sikulalaka na mutakatifu. Wapi ukaidi wake? Wapi vile alikatala kusalimia jirani juu ya kuku? Wapi vile aliiba mu mchezo wa dama, na watoto banamuona?"

Akaanza kusema, minye nikaandika nyuma ya karatasi zangu safi. Na katikati ya karanga akasema kitu ambacho weye hukuniambia. Kwamba kampani ilipokufukuza ku kazi, ulivaa shati kila asubuhi, ukatoka na bahasha, watoto wasijue. Kwamba ulikuwa unaandika barua ileile pa meza ya jikoni, "nina heshima kubwa ya kuomba," unapeleka, wanakatala, unaandika tena. Kwamba ulikuja mu soko paka wakati barua ile ilikuwa imekataliwa ku kila mulango wa Likasi.

Ile barua uliyonifunza, Donatien. Ilikuwa yako.

Na minye nikaisomesha juu ya sanduku lako, mbele ya muke aliyekuona ukiiandika.

Sikujua nitaweka uso wapi. Nikasema, "Mama, sikujua." Akasema, "Nimeona hukujua. Lakini hiyo usiisome. Hiyo ni yetu." Akanisukumia karanga.

Sikuisoma. Naiandika hapa tu.

Siku ya kutosha kilio, kisha misa, nikasoma mengine yote: ukaidi, dama, kofia. Nilipofika ku kuku, jirani alisimama na sahani yake: "Ilikuwa kuku yangu! Hata leo nasema ilikuwa yangu!" Watu wakaanguka na kucheka. Niliogopa kuangalia mbele. Kisha nikaangalia. Mama Vero alikuwa amefunika mudomo na mukono, mabega yanatikisika, machozi yanashuka, na alikuwa anacheka kuliko wote.

Juma lililofuata akaja na kitenge cha maua, akavuta kiti chako, akakaa.

"Shemeji, anza yangu. Nikiwa muzima, nipate kukusahihisha."

Tumeanza. Tuko bado ku siku aliyozaliwa, na tayari amemufuta mukunga, anasema yule mama alikuwa na kiburi. Kila siku naandika mistari miwili, yeye anakata mumoja.

Basi pumzika, ndugu yangu, na usimutayarishie kiti kule. Nakuahidi kitu kimoja: hii nitaiandika polepole sana.

Boni wako