Madabodi Isiyo na Feni

Maskati,
Mfunguo Pili, siku ya kumi na nane

Mdogo wangu Nassor,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na kile kikohozi chako cha kujitakia kimekwisha au bado unavuta? Mie mzima, joto la huku tu ndilo linalonitoa roho. Mama nimemuulizia hali pengine, maana barua hii si yake. Ndani ya bahasha mna karatasi mbili. Hii ni yako peke yako, isome juu darini kisha ichane. Ile yenye mistari ndiyo ya kumsomea Mama, kwa kuwa yeye anazijua herufi za Kiarabu tu, na macho yake ya kusomea barua zangu ni wewe. Balaa gani hilo, mtu mzima kupewa macho kama wewe!

Nnakuanzia mwanzo, usije ukajitia hukumbuki. Baba yetu, Mungu amrehemu, alipiga fidla katika klabu ya taarabu mpaka mkono ukamshinda, na picha yake akipiga ilikuwa pahala pawili tu duniani: kule televisheni, wanakoitoa kila sikukuu, na katika mkanda wa video wa Mama. Huo wa Mama wewe ukarekodi mieleka juu yake. Mijitu miwili yenye chupi inavutana nywele, pale pale alipokuwa amekaa Baba! Na mie sikuwahi maziko, nilikuwa huku nasubiri ruhusa ya kusafiri, na tangu hapo sijaisikia fidla yake. Halafu ukanipigia simu kuwa bwana mmoja wa televisheni kakwambia mkanda wao nao umezeeka, huenda sikukuu mbili hizi, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, ndiyo mwisho wa kuonyeshwa. Nikasema basi, nitaunda kompyuta ya kurekodi televisheni, ikae kwa Mama, ijirekodie yenyewe pasi na mkono wa Nassor kuigusa.

Sasa kompyuta yoyote kwanza ni madabodi, yaani ule ubao mkuu ambao vitu vyengine vyote huchomekwa juu yake. Ukikosea ubao umekosea yote. Tajiri wangu, mwenye duka ninakofanya kazi, aliyeuza kompyuta miaka yote hii na hajapata kufungua hata moja, akaniletea liubao kubwa kama sinia la biriani, lina feni mbili na taa za buluu na nyekundu.

"Hii ndiyo ya kisasa, Zuwena. Tazama inavyong'aa."

Nikamwambia, "Bwana, nnarekodi taarabu, sifungui disko."

Akaja mteja mmoja, mwanamme mwenye kalamu tatu mfukoni, akaniambia kuwa madabodi si kazi ya mwanamke, bora nichague rangi ya kasha. Huyo huyo wiki iliyotangulia alirudisha kompyuta akilia imekufa, nikamwonyesha kuwa hakuichomeka ukutani. Watu kama hao ndio wanaonifundisha kazi, Nassor. Mchana kutwa nawasikiliza, nawatizama midomo, najiuliza nani aliwadanganya kuwa wanajua kitu.

Mie nilitaka kidogo. Nikakipata chini ya kabati, kiubao kisichofika shibiri kila upande, prosesa yake, ndiyo ubongo wake, imegandishwa papo hapo, kina tundu moja tu la kadi ya televisheni, na feni hakina. Feni ya nini? Nyumba yetu ya Kiponda ina vumbi la chokaa na hewa ya chumvi, feni ingevivuta vyote tumboni mwa mashine. Tena kinakula umeme kidogo, hata wa mtaa ukizimika, betri ya kando ingekibeba mpaka taarabu iishe. Joto lake litatoka lenyewe kwa matundu ya juu ya kasha. Nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Maskati. Wallahi nilikibusu.

Nikakupigia simu nikuringie. Ukasema nini wewe? "Dada, tia feni. Nyumbani kwetu vitu havipati hewa."

Nilicheka mpaka tajiri akatoka ofisini kutazama kuna nini. Nikakwambia wewe hata pasi huijui inavyopata moto, leo unanifundisha mie feni? Ukanyamaza. Huwa unanyamaza, na mie siku zote nimeona ni kwa kuwa huna la kusema.

Mashine nikaipeleka huko. Basi sikukuu pili, alasiri, saa ya taarabu, nimekaa kitako na simu mkononi kama bibi harusi. Ukapiga.

"Dada, imezima."

"Imezima vipi?"

"Imezima tu."

Hapo ndipo nilipoandika ile barua. Niliiandika kwa Mama lakini kila neno lilikuwa lako. Nilimwambia mwanawe ni zuzu, mikono yake ni ya kuvunjia nazi, kamfuta Baba mara ya kwanza kwa mieleka na sasa kamfuta mara ya pili kwa kimbelembele cha kubonyeza asichokijua. Na nilijua vizuri kuwa ni wewe utakayeisoma kwa sauti. Nilifurahi kujua hivyo, nisikufiche.

Wiki iliyopita akaja Bi Mwanaasha, jirani yetu wa chini, kumtembelea binti yake huku. Kaniletea mashine kama nilivyoagiza nipate kuifungua. Akaniambia siku ya barua alikuwa kwetu ukumbini.

"Kasoma yote," akasema. "Hakuruka hata neno. Mamako akamwuliza, 'Nassor, kwa nini uliichezea?' Akajibu, 'Nisamehe Mama, nilibonyeza tu.' Mie nikamwonea huruma, maana sikukuu pili alikuwa na mie kule chini ananibebea viti vya wageni tangu adhuhuri."

Nikamwambia Bi Mwanaasha kuwa huruma yake imepotea njia. Kisha nikafungua furushi.

Nassor, mashine ilikuwa imevaa. Kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya pembeni na mashada manne, kimefumwa kwa kipimo cha kasha lile lile, juu, mbele na ubavuni, na nyuma kimeachiwa kijitundu cha waya. Televisheni ya Mama ina chake, redio ina chake, friji lina chake, hata simu ina chake. Mie nimekulia humo! Nimefundishwa kufuma humo! Bi Mwanaasha akasema, "Kakesha nacho mamako, kakimaliza sikukuu mosi. Alisema wageni wanakuja, kitu alichokileta Zuwena hakiwezi kukaa uchi."

Nilimtilia chai, nikamsindikiza mlangoni, nikarudi nikaitoa diski yake nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Ndani yake nilikuwa nimeweka kidaftari, kila dakika mashine inaandika joto lake. Asubuhi ya sikukuu pili joto liko chini kabisa. Saa sita, bila shaka Mama alipoivisha, linaanza kupanda, linapanda, linapanda, mpaka alasiri ikajizima yenyewe isiungue. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kilichorekodiwa ni taarifa ya habari, salamu za sikukuu, halafu wapigaji wanaingia wanakaa. Baba yuko wa tatu kutoka kushoto. Anafuta miwani kwa leso, anaivaa, anaweka fidla chini ya kidevu, ananyanyua upinde. Basi. Upinde uko juu, haujashuka. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nasogeza sikio karibu kana kwamba safari hii nitasikia.

Wewe ulijua. Ulipopanda juu ukakiona kile kitambaa ulijua mara moja, maana ni wewe uliyeniambia feni. Ungesema neno moja tu ungeniumbua mie, fundi mkubwa wa kike, ninayedharau watu wenye kalamu tatu mfukoni. Lakini ungekuwa umemwambia Mama kuwa kitambaa chake ndicho kilichomnyamazisha Baba. Ukaona bora uwe zuzu.

Nimeona haya, Nassor. Mtu mwengine angeliandika vizuri zaidi, mie najua kutukana tu. Nisamehe. La mieleka sijakusamehe na wala usitarajie, lakini hili nisamehe.

Nimeunda nyengine. Nimechukua liubao la tajiri, lile la sinia la biriani, na feni zake zote mbili. Taa nimezing'oa, kuna mipaka. Tajiri alipita akacheka mpaka akakaa chini, nikamwacha acheke, kwa mara ya kwanza alikuwa na haki. Bi Mwanaasha anarudi nayo pamoja na barua hii, itafika kabla ya sikukuu ya Mfunguo Tatu. Kile kitambaa nabaki nacho huku. Kitu kinachopuliza upepo Mama hakifuniki, namjua, ataweka kisahani cha asumini mbele yake chumba kinukie. Lakini wewe usikae chini siku hiyo. Kaa ubavuni mwake mpaka Baba amalize. Viti vya wageni wabebe wengine.

Nisalimie shangazi wa Bububu, mwambie dawa yake ya magoti imo kwenye mzigo, na mama mdogo wa Paje na mwani wake, na babamkwe wako, ambaye hata kama alikupa binti yake bila ya kukupima akili, namheshimu.

Sasa ile karatasi ya Mama. Humo nimekuita zuzu mara tatu, na mara moja nimesema mashine hii imewekwa feni kubwa ili kupoza uharibifu wa mikono yako. Lazima, nikianza kukusifu ghafla Mama atashuku. Isome yote kwa sauti, usiruke hata neno, kama ulivyoisoma ile. Na ukifika pale pa zuzu, ujue kuwa safari hii Dada yako anakusikia unavyosoma.

Dada yako asiyejua kushukuru,
Zuwena