Trekta Lililoenea Mlango wa Banda

Barabara ya Kilima cha Tuttle,
East Corley, Vermont.
Jumatatu, 10 Februari 2014.

Mpendwa dada Lois,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Nadine. Hujambo wewe, na shemeji Vernon hajambo? Goti lake alilopasuliwa Novemba limeshakubali ngazi, au bado anashuka kinyumenyume? Nasikia huko Arizona watu wanakaa barazani mwezi huu wakiwa na mikono mifupi. Sisi ni wazima. Kifua kilinisumbua Krismasi nzima, sasa kimetulia. Leo asubuhi kipimajoto cha jikoni kilisoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na theluji imefika madirisha ya chini ya ghala.

Barua yako ya tarehe 28 Januari niliipata, nimeisoma mara tatu. Unauliza kwa nini Mama yuko kwenye nyumba ya wazee mjini wakati trekta lilinunuliwa ili asihame. Unasema pia nisikujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu mimi hukasirika. Ni kweli. Basi nakujibu kwa karatasi, na daftari langu liko wazi hapa mezani ili tarehe ziwe tarehe.

Nianze nyuma kidogo, maana uko mbali na huenda mambo yamekuchanganyikia. Bomba linaloleta maji ya chemchemi nyumbani kwa Mama lilifukiwa na Baba futi moja na nusu tu. Miaka yote theluji iliwahi ikalifunika, likalala na joto lake. Mwaka juzi theluji ilichelewa, baridi ikashuka ardhini, na kufika Januari bomba likaganda siku kumi na tisa. Mama ana miaka themanini na moja, na siku zote hizo alikuwa akiyeyusha theluji kwenye sufuria kubwa ya kuchemshia utomvu wa miti ya sukari. Mwezi Mei mwaka jana alituambia sote watatu, wewe ukiwa kwenye simu: bomba lifukiwe futi tano kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, naye atabaki kwake. Lisipofukiwa, na maji yakiganda tena hata siku moja, atahamia mjini bila mabishano. Ndipo tukakubaliana kununua trekta dogo la pamoja, lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambalo baadaye lingemsukumia theluji na kumbebea kuni.

Kuanzia 14 Juni hadi 2 Julai nilipima. Kutoka chemchemi hadi ukuta wa jiko ni futi mia nne na kumi. Nilitembea njia yote na mtaimbo, nikichoma ardhi kila hatua kumi na kuandika nilichokuta: udongo laini kuanzia nyumbani hadi futi ya mia na arobaini, kisha mfinyanzi, kisha mawe. Kwenye futi ya mia na themanini kuna jiwe ambalo sikupata mwisho wake upande wowote. Hapo hapo kilima kinaanza kuinamia upande wa kijito.

Nikakuandikia kurasa nne, na nakala nikampa ndugu yetu Clayton. Bila shaka unazo bado. Nilisema tusinunue lile dogo kabisa, kwa sababu mkono wake unafika futi sita sawa, lakini uzito hauna. Likilishika jiwe, jiwe halitakuja kwenye trekta; trekta ndilo litakwenda kwenye jiwe. Tumbo lake nalo liko shubiri moja tu kutoka chini. Nilisema tusinunue kubwa pia, lingekatakata malisho na lisingepita kati ya nyumba na ghala. Nilitaka la kati, nguvu za farasi thelathini na tano, matairi ya nyuma yajazwe maji yasiyoganda ili liwe zito, na mkono wa futi nane. Kwenye ukurasa wa nne nilichora mchoro.

Clayton aliisoma akiwa amesimama jikoni kwangu, anakula donati.

"Kaka, wewe utakuja kupima hata kaburi lako kabla ya kulala."

"Soma ukurasa wa tatu."

"Nimeusoma. Sasa nikuulize mimi. Hilo lako la kati litalala wapi?"

Nikamwambia litalala nje chini ya turubai, au tutapanua mlango wa banda la Baba.

"Mama hataki mlango uguswe. Baba aliutundika kwa mkono wake." Akapangusa sukari kwenye ndevu. "Mimi nimepima pia. Mlango ni futi tano na inchi moja. Nunua kitu kinachoingia mlangoni, basi."

Hivyo ndivyo trekta lilivyochaguliwa, Lois. Ndugu yetu alipima mlango wa banda, mahali ambapo mashine ingelala. Kilima ambacho ingefanyia kazi hakukipima. Na yeye si mpumbavu; nusu ya watu wa bonde hili wamenunua hivyo hivyo, ndiyo maana kila kiangazi unaona vitrekta vinavyong'aa bandani na wenye navyo wakichimba kwa sururu.

Jumamosi ya 13 Julai alimchukua Mama hadi kwa muuzaji bila kuniambia. Alinisimulia mwenyewe jioni ile, anacheka. Mama alipanda kwenye lile dogo bila kushikwa mkono. Muuzaji akamwambia, "Hili, mama, hata wewe utaliendesha." Clayton akakupigia simu, akaweka sauti juu, na wewe ukasema, "Chukueni hilo hilo. Mama ameridhika, na Orrin ataridhika akishamaliza kununa." Siku ya pili nilikuuliza kama ulisema hivyo, ukaniambia ulikuwa unatania. Huenda. Lakini trekta halikuwa utani, lilikuwa limeshashushwa kwenye lori.

Na kurasa zangu nne Mama hajaziona mpaka leo. Hakuna kati yetu aliyempa.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo hukuyauliza, na ambayo Nadine ameniambia nisipoyaandika nisiitume barua hii.

Clayton alianza kuchimba 31 Agosti. Futi mia moja na arobaini za kwanza alizimaliza kwa siku tatu, mtaro mzuri, kuta zimenyooka. Tarehe 7 Septemba alinipigia.

"Njoo uone, kaka. Kitoto kinakula udongo kama keki."

Nikamwambia nina ua wa kukarabati. Sikuwa na ua wowote. Nilikaa barazani, na kutoka pale, ng'ambo ya bonde, nilisikia kila mlio wa injini ile. Niliuandika. Nanukuu daftari: "14 Septemba. Saa mbili za kazi. Injini inalalamika." Na siku iliyofuata: "Imezimika mara kumi na moja. Amefika kwenye mawe. Nilijua." Chini yake nimepigia mstari.

Nilifanya hivyo wiki tatu. Zilikuwa wiki kavu kuliko zote za mwaka, ardhi imeshikana, kilima kinabeba mashine yoyote. Nilijua atakwama wapi, nilikuwa nimeiandika futi yenyewe, nami nikakaa nikimsubiri akwame ili aje aniambie nilikuwa na haki.

Alikuja tarehe 5 Oktoba, kwa miguu, tope hadi kiunoni, akakaa kwenye ngazi zangu.

"Limenilalia," akasema.

"Umeumia?"

"Limelalia kofia. Mimi niliruka. Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Lile unalolitafuna tangu Julai. Liteme tu, kaka, tumalize, twende tukaliinue."

Nikasema. Nilisema kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye akiwa anatetemeka kwa baridi, na sikumpa hata kahawa.

Tulilisimamisha kwa nyaya na gari langu. Kuanzia hapo tulichimba pamoja kila siku kulipokuwa na mwanga. Ilikuwa vilevile kama nilivyoandika, na sikupata raha yoyote. Ndoo ya nyuma inang'ata jiwe, magurudumu ya mbele yananyanyuka, miguu ya pembeni ya kulishikilia inazama kwenye mfinyanzi, na trekta zima linajivuta kinyumenyume kuelekea shimoni likiwa na ndugu yako juu yake. Mawe madogo tuliyatoa kwa mtaimbo na mikono. Tarehe 19 Oktoba tulisimama kwenye futi ya mia na themanini na sita. Lile jiwe tulikuwa tumelizunguka nusu tu.

Jioni ile tukaenda kwa mzee Rancourt, mwenye mashine kubwa ya kuchimbia, inayotembea kwa minyororo. Alikuwa anakula supu ya dengu, hakuiacha.

"Nina misingi ya nyumba tatu hadi msimu wa kuwinda kulungu," alisema. "Msimu ukifunguliwa mimi niko msituni, na nyinyi pia mtakuwa msituni, msinidanganye. Baada ya hapo kile kilima ni uji. Nikipanda pale nitaishia kwenye chemchemi yenu."

Clayton akamwambia ni kwa ajili ya mama yetu.

"Najua ni kwa ajili ya nani. Septemba nzima mashine yangu ilikuwa uani inaota kutu. Mlikuwa wapi, watoto wa Tuttle?"

Clayton alinigeukia. Angeweza kusema, Lois, na mpaka leo hajasema.

Tulifunika bomba la zamani kwa marobota ya nyasi kavu na maturubai, tukamwambia Mama aache bomba la jikoni likichirizika usiku na mchana ili maji yasigande. Sikukuu ya Shukrani ikapita, akatupikia bata mzinga, hakutaja mtaro. Ijumaa ya tarehe 3 Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alinipigia simu. Alisema maneno mawili tu: "Yamesimama, Orrin." Tulipofika alikuwa ameshavaa koti na begi liko mlangoni. Tulimsihi akae kwetu. Akasema ahadi ilikuwa ahadi, na kwamba hatahamahama kama kifurushi cha nguo. Tulimpeleka Jumapili ya tarehe 5. Trekta lilikuwa bandani, na kweli, lilienea vizuri kabisa.

Huko aliko wanamtunza. Chakula hakina chumvi, lakini chumba kina joto, na dirisha linatazama kituo cha zimamoto, ambacho anakipenda. Sitakusumbua kuhusu hilo.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Jumapili ya 26 Januari mimi na Clayton tulikuwa naye mezani, na jirani yake wa chumba akamuuliza ilikuwaje akaiacha nyumba yake. Mama akajibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta: "Ni kosa langu. Wavulana waliniachia nichague mashine, nami nikachagua niliyoweza kuipanda. Walivunjika migongo kwa sababu yangu." Kisha akatugeukia. "Na msigombane. Nilikipenda kile kiti, basi."

Clayton alitazama sakafu. Mimi nilimalizia pai yake.

Jumapili mbili zilizofuata nilikwenda nikiwa nimepanga la kusema, nimeliandika hata kwenye karatasi, na mara zote mbili nilizungumzia hali ya hewa nikarudi nyumbani. Kwa hiyo mwanamke yule amekaa kwenye chumba cha watu akijilaumu kwa kukalia kiti dakika tano, na sisi watatu tuliojua tumemwachia.

Msalimie sana shemeji Vernon, na Darlene na wanawe ukiongea nao. Nadine anakutumia sharubati ya miti ya kwetu, chupa ya mwisho ya mwaka jana. Mjomba Amos bado anakohoa na bado anavuta. Clayton hajui kwamba ninaandika, lakini angekusalimu.

Sasa ninakuomba kitu kimoja, na si kwa upole. Mwandikie Mama. Mweleze kwamba kulikuwa na kurasa nne ambazo hakuonyeshwa. Mwambie ulisema nini kwenye simu, Clayton alipima nini, na mimi nilikaa wapi Septemba. Usitupambe, wala usijipambe. Macho yake hayasomi tena mwandiko, kwa hiyo itume kwangu, nami nitamsomea kwa sauti Jumapili ya tarehe 23, Clayton akiwepo. Ikiwa mbele yangu kwenye karatasi kwa mkono wako, sitaweza kuiruka. Katika majina yetu matatu, langu liweke la kwanza.

Mungu awatunze huko kwenye jua, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ni mimi ndugu yako, mwenye hasira na akupendaye,

Orrin Tuttle