Ubao Uliong'olewa Karakana

Mdogo wangu,

Shemeji yetu alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia Jumanne asubuhi, kwenye msumeno mkubwa wa karakana yangu. Mama hajambo, ila goti linamsumbua.

Ile tovuti ya ndani ya kampuni uliyotujengea kwa wiki mbili inafanya kazi. Ulisema tuanze na kompyuta za ofisini, simu za mafundi zifuate awamu ya pili. Nilikubali, hata mimi useremala niliuanza na randa moja. Jumatatu jioni msimamizi aliandika humo kwamba kinga ya msumeno imevunjika, usiwashwe. Watu sita wa ofisini walisoma. Mafundi kumi na tisa, shemeji akiwemo, hawakuwa na pa kusomea, maana ule ubao wa chaki wa mlangoni ulikuwa umeshang'olewa.

Dada aliniuliza wodini, "Kaka, hiyo tovuti yenu ilikuwa inamwambia nani?"

Shemeji akacheka kwa shida. "Muulize Bwana Awamu. Labda vidole vyangu vinakuja awamu ya tatu."

Nikatoka kwenda kumtafuta msimamizi.

Msimamizi anaapa kuwa wewe ndiye uliyempigia simu ukamwambia auondoe ubao, ili watu waizoee tovuti mapema. Mimi sikuambiwa. Ijumaa saa sita mchana namfukuza kazi, naye ana watoto watano.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Ijumaa asubuhi. Mpe jibu la mstari mmoja, bila hadithi za awamu: ulimwambia, au hukumwambia?

Kaka yako